Muziki Mmoja, Mikono Mitatu

Hakimu aliyemsikiliza shahidi mmoja tu hukata shauri upesi, walakini shauri lake halina uzito. Ndivyo alivyo mtu aliyesikia kazi ya muziki kwa mkono wa mpigaji mmoja, kisha akasimama mbele za watu na kusema kwamba anaijua. Alichokijua ni mpigaji. Kazi yenyewe bado hajaonana nayo. Insha hii, msomaji, yakualika kufanya jambo ambalo wengi hawajishughulishi nalo: kuisikiliza kazi moja kwa mikono mitatu mbalimbali, kuilinganisha, na kutoa hukumu yenye sababu. Nitakueleza pia jinsi mimi mwenyewe nilivyohukumu vibaya, ili kosa langu likufae wewe pasipo kukugharimu.

Kazi niliyoichagua ni Koncheto ya Nne ya piano, iliyotungwa na Ludwig van Beethoven. Koncheto ni muziki ambao ndani yake mpigaji mmoja hukabiliana na okestra nzima. Mara hushindana nayo, mara husemezana nayo, mara huungana nayo. Mtungaji huziandika noti zote katika karatasi, lakini karatasi haina sauti. Yaeleza noti ipi ipigwe, na kama ipigwe kwa nguvu au kwa upole; haielezi kwa ukamilifu pumzi ivutwe wapi, wala kimya kidumu kadiri gani. Hapo ndipo anapohitajiwa mfasiri. Wape watu wawili utenzi mmoja wausome kwa sauti. Maneno yatakuwa yale yale, walakini mmoja atawatoa wasikilizaji machozi, na mwingine atawatia usingizi. Tofauti hiyo haimo katika wino.

Beethoven alizaliwa Bonn, katika Ujerumani, mwaka 1770, akafa Vienna mwaka 1827. Koncheto hii ilisikiwa na watu wote kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika ukumbi uitwao Theater an der Wien. Usiku ule ulikuwa wa baridi kali, na tamasha lilidumu kwa muda wa saa nne hivi, kwa kuwa Simfoni ya Tano na ya Sita zilipigwa pia. Beethoven mwenyewe aliketi mbele ya piano, ingawa masikio yake yalikuwa yamekwisha kuanza kumwacha. Hakuna mashine iliyokuwapo ya kuishika sauti ya mikono yake. Kwa hiyo kila mpigaji aliyefuata ni mrithi asiyepata kumwona marehemu. Anao wosia ulioandikwa, basi.

Kabla ya kuwalinganisha wafasiri, yatupasa kujua ni wapi tutakapotega masikio. Nakutajia mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni mwanzo kabisa. Desturi ya zama zile ilikuwa okestra itangulie na kusema mengi, na mpigaji angoje zamu yake. Katika koncheto hii piano huanza peke yake, kwa upole, kwa muda mfupi sana, kama mtu anayesema neno moja mlangoni. Okestra humjibu kwa sauti ndogo zaidi, tena katika ufunguo mwingine ulio mbali na ule wa kwanza, kama kwamba jibu limetoka katika chumba cha ndani. Baada ya hapo piano hunyamaza kitambo kirefu. Mpigaji anazo nukta chache tu za kutuambia yeye ni nani.

Mahali pa pili ni sehemu ya pili ya koncheto, ambayo ni fupi kuliko zote, lakini ndiyo kiini cha jambo lote. Ala za nyuzi zote husema kwa sauti moja, kwa ukali, kwa maneno yaliyokatwakatwa. Piano hujibu kwa upole, kwa sauti inayoimba. Ala zarudia ukali wao; piano yarudia upole wake. Pole pole hasira ya wengi yapungua, na mwisho wale waliokuja wakifoka hunong'ona tu. Watu wa karne ya 19 walizoea kuifananisha sehemu hii na hadithi ya Wayunani wa kale, juu ya Orpheus aliyewatuliza walinzi wa kuzimu kwa uimbaji wake. Mfano huo ni mzuri, lakini si lazima. Mtu yeyote aliyepata kusimama peke yake mbele ya baraza lenye ghadhabu ataufahamu muziki huu pasipo kuijua hadithi hiyo.

Mahali pa tatu ni kadenza, yaani pale karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, okestra inaponyamaza na kumwachia mpigaji uwanja ili aonyeshe umahiri wake. Zamani wapigaji walibuni kadenza zao papo kwa papo. Kwa koncheto hii Beethoven aliandika kadenza zake mwenyewe. Mpigaji wa leo yampasa kuchagua: ama atii maandishi, ama afuate desturi ile ya kale ya kujibunia.

Sasa tuwaite mashahidi wetu watatu. Nimewapa majina ya Mwalimu, Mgeni na Mwanafunzi, na sababu yake utaiona.

Mwalimu ni Artur Schnabel, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufa mwaka 1951. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuzirekodi sonata zote 32 za Beethoven, na katika miaka ile ile ya 1932 hadi 1935 alirekodi koncheto zote tano. Ya Nne aliirekodi London mwaka 1933, pamoja na London Philharmonic Orchestra chini ya uongozi wa Malcolm Sargent. Ukiisikiliza kwa mara ya kwanza, yamkini utachukizwa. Sauti ni ya mbali, na mvumo wa sindano husikika nyuma yake kama mvua juu ya makuti. Okestra imebanwa, na ala nyingi hazitambulikani. Tena vidole vya Schnabel huteleza mara kwa mara, hasa mahali penye mbio, ambapo hupenda kukimbilia mbele kana kwamba wazo limemtangulia na mikono yamfuata.

Mgeni ni Wilhelm Kempff, Mjerumani, mwana wa mpiga kinanda cha kanisani, aliyezaliwa mwaka 1895 na kufa mwaka 1991. Namwita Mgeni kwa kuwa hakutoka katika nyumba ya Schnabel. Alikuja kwa njia yake mwenyewe. Rekodi ninayoisema ni ile ya mwaka 1961, pamoja na Berlin Philharmonic chini ya Ferdinand Leitner. Sauti yake ni nyepesi na safi, kama maji yanayopita juu ya kokoto. Hapigi kwa kishindo hata pale ambapo wengine hawajizuii. Maneno yale ya kwanza, yale ya mlangoni, huyasema pasipo kujionyesha, na papo hapo msikilizaji hujihisi kuwa yu mahali pa amani. Lakini afikapo kwenye kadenza, Kempff huiweka kando ile ya Beethoven na kupiga yake mwenyewe. Wako waliomlaumu kwa hilo. Mimi nasema kwamba alitumia haki ya kale ambayo Beethoven mwenyewe aliitumia. Walakini haki ya kusema si hakikisho la kusema vizuri, na kila nisikiapo kadenza hiyo naona kama mwenyeji ameondoka chumbani na mazungumzo yakaendelea bila yeye.

Mwanafunzi ni Leon Fleisher, Mmarekani aliyezaliwa San Francisco mwaka 1928 na kufa mwaka 2020. Alipokuwa mtoto alipelekwa kwa Schnabel akafundishwa naye. Rekodi yake ilifanywa mwaka 1959, pamoja na Cleveland Orchestra chini ya George Szell, mzaliwa wa Budapest aliyesifika kwa ukali wa mazoezi yake. Wahenga walisema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina. Kwa Fleisher twasikia ule uangalifu wa Schnabel juu ya umbo la sentensi: kila neno la muziki lina mwanzo, lina kilele, na lina mwisho. Lakini hatusikii yale makosa. Vidole ni imara, mwendo ni thabiti, na katika sehemu ya mwisho, ambapo tarumbeta na ngoma zilizokaa kimya tangu mwanzo huingia kwa mara ya kwanza, furaha yake na ya okestra huruka pamoja kama watu waliofungwa kamba moja.

Hao ndio mashahidi. Sasa sikiliza kosa langu.

Miaka mingi iliyopita nilipokuwa nikifundisha, niliwapigia wanafunzi wangu sehemu ya pili ya koncheto hii mara mbili, kwanza kwa mkono wa Kempff, kisha kwa mkono wa Schnabel. Niliwaamuru waandike katika madaftari yao sifa na kasoro za kila mmoja. Kabla hawajasoma walichoandika, niliwaambia hukumu yangu: kwamba huyu wa kwanza ni fundi, na huyu wa pili ni mzee ambaye sifa zake zimezidi vidole vyake. Kijana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akasema, "Samahani, mwalimu. Huyu wa kwanza nimemwandikia ukurasa mzima. Huyu wa pili sikumwandikia kitu. Nilipokuwa nikimsikiliza nilisahau kuandika."

Darasa likacheka. Mimi nami nikacheka, nikamjibu kwamba kusahau kazi si sifa ya mpigaji bali ni kasoro ya mwanafunzi. Akaketi, wala hakusema tena.

Usiku ule maneno yake yalinisumbua. Niliirudia sahani ya Schnabel nikiwa peke yangu, na safari hii sikushika kalamu. Ndipo niliposikia jambo ambalo masikio yangu, yaliyojaa mvumo wa sindano, yalikuwa yamelikataa. Ala za nyuzi zilipomaliza kufoka, Schnabel hakuharakisha jibu. Aliingia kwa sauti ndogo mno, nzito, kama ya mtu aliyezungukwa ambaye hana silaha wala hatafuti. Kila ala zilipoongeza ukali, yeye hakuongeza nguvu, na hata vile vituo vilivyo kati ya maneno vilikuwa na maana. Nilipofika mwisho nilitambua kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeogopa kwamba piano ingeshindwa. Kwa Kempff sikupata kuogopa hivyo. Upole wake ni upole wa mtu ambaye tangu mwanzo anajua kwamba atasikilizwa. Ni mzuri, tena mzuri sana. Lakini pasipo hatari, ushindi wake haugharimu kitu.

Baadaye nilipompata Fleisher niliijaribu sehemu hiyo hiyo kwake. Ala za Cleveland hukata kama panga lililonolewa jana, zote kwa pigo moja. Sijasikia ghadhabu iliyopangwa vizuri kama ile. Piano nayo hujibu kwa heshima na kwa usafi. Walakini pande mbili hizo hupatana mno katika ufundi wao, hata naona kama wagomvi waliokwisha kukubaliana juu ya suluhu kabla ya kuingia barazani. Mwanafunzi alijifunza kila sentensi ya mwalimu wake, na katika sehemu ya kwanza na ya mwisho alimpita. Hapa katikati alibaki nyuma kidogo.

Nilikusudia kurudi darasani na kuitengua hukumu yangu. Lakini muhula ulikwisha, na yule kijana hakurudi shuleni. Deni lile sikupata kumlipa yeye. Nalilipa kwako, msomaji, kwa kukupa mambo matatu ya kushika unapolinganisha fasiri za muziki.

La kwanza: mtenge mpigaji na mashine yake. Mwaka 1933 muziki ulikatwa vipande vya dakika nne hivi, kwa kuwa upande mmoja wa sahani haukuweza kushika zaidi. Mpigaji alipokosea hakuwa na njia ila kukirudia kipande kizima, au kulikubali kosa. Kufikia mwaka 1959 sauti ilishikwa katika utepe, na utepe huweza kukatwa na kuungwa, hata kosa likaondoka pasipo kuonekana. Kumlaumu Schnabel kwa mvumo wa sahani yake ni kama kumlaumu mshairi kwa karatasi iliyoliwa na mchwa. Hata piano zenyewe zimebadilika. Katika sehemu ile ya pili Beethoven aliagiza kikanyagio cha kushoto, ambacho katika piano za wakati wake kiliweza kuifanya nyundo ipige uzi mmoja tu badala ya mitatu. Piano za sasa haziwezi kufanya hivyo sawasawa. Kila mpigaji analazimika kuutafuta kwa vidole unyonge ambao zamani ala yenyewe iliutoa.

La pili: usisikilize habari za mtu badala ya muziki wake. Ni kweli kwamba Schnabel, aliyekuwa Myahudi, aliondoka Ujerumani mwaka ule ule wa 1933, baada ya Hitler kushika utawala. Ni kweli kwamba Fleisher, katikati ya miaka ya 1960, alipotewa na nguvu za vidole viwili vya mkono wake wa kulia, akapiga kwa mkono wa kushoto, akaongoza okestra na kufundisha, mpaka alipoweza tena kupiga kwa mikono miwili katika miaka ya 1990. Mambo hayo yanagusa moyo, na ni haki yaguse. Lakini mtu akiyajua kabla ya kusikiliza, ni rahisi kusikia machozi ambayo hayakupigwa. Sikiliza kwanza, habari uzisome baadaye.

La tatu: usikubali kwamba kila fasiri ni sawa na nyingine, wala usikubali kwamba iko moja iliyo kamili. Anayesema kwamba yote ni sawa anakwepa kazi ya kufikiri. Anayesema kwamba moja imekamilika ameacha kusikiliza. Toa hukumu, na uonyeshe kwa kidole mahali ulipoisimamisha: sehemu hii, jibu hili, kimya hiki. Hukumu isiyoweza kuonyesha mahali ni mapendezi tu, na mapendezi hayana mjadala.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Anayetaka kuijua koncheto hii kwa mara ya kwanza, na aanze na Fleisher, kwa maana ataisikia yote, wala hakuna kitakachomkwaza. Anayetaka kustarehe nayo jioni baada ya kazi, na ampokee Kempff. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kama ningalazimishwa kubaki na moja tu, ningaichukua ile sahani ya kale ya Schnabel, pamoja na mvumo wake na makosa yake, kwa ajili ya dakika zile chache za katikati ambazo ndani yake mnyonge yumo hatarini kweli, na kwa hiyo kushinda kwake ni kushinda kweli.

Nasema haya nikijichunga, kwa maana akipenda, chongo huita kengeza. Sasa nimempenda Schnabel, na kila siku najaribiwa kuyaita makosa yake kuwa ni sifa. Si sifa. Noti iliyoteleza imeteleza, na mwanafunzi wa piano atakayeiga kuteleza kwake akidhani kwamba anaiga moyo wake, ataambulia kuteleza tu.

Rekodi zote tatu zinapatikana siku hizi, na simu moja ya mkononi yaweza kuzichukua zote. Zitafute. Sikiliza sehemu ya pili kwa kila mmoja kwa siku mbalimbali, mahali palipotulia. Mara ya kwanza shika kalamu, uandike kila unaloliona. Mara ya pili iweke kalamu chini. Kisha uangalie ni yupi kati ya hao watatu aliyekusahaulisha kwamba uliiweka, nawe ujiulize ni kwa sababu gani. Huenda jibu lako likawa mbali na langu. Ukiweza kulionyesha mahali pake, nitakuwa radhi kulisikiliza, wala safari hii sitacheka.